Walio Chini ya Mstari

Cleopas Nyongesa alikuwa na mkono mzito. Sisemi wa kupiga watu, maana huyu hata kuku wa Krismasi alimpelekea jirani amchinjie. Nasema wa kuandika. Akiandika jina lako ukurasa wa kwanza, ungeweza kulipapasa kwa kidole ukurasa wa tatu. Kalamu alizimaliza upesi, penseli zilimvunjikia ncha kutwa mara tano, na meza yake pale kliniki ilikuwa imejaa vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Mazoea hayo aliyatoa kazini. Alitoka kwao Chwele, upande wa Bungoma, mwaka 1988, akavuka mpaka pale Malaba na begi moja, akafika Kampala ambayo ilikuwa bado inajikung'uta vumbi la vita. Mkenya mwenzake mwenye malori alimwajiri aandike hati za mizigo, na kila hati ilitaka nakala nne kwa karatasi za kaboni. Nakala ya nne isiposomeka, lori linalala mpakani na tajiri analala na hasira. Basi kwa miaka minane Cleopas aliandika huku akiifikiria karatasi ya nne. Tajiri alipofunga biashara akarudi kwao, mkono ulikuwa umeshakomaa hivyo, haurekebishiki.

Ndipo alipochukuliwa na Sista Akoth. Huyu alikuwa Mjaluo kutoka Siaya, mkunga wa miaka mingi, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Alikuwa na kliniki ya uzazi Kyebando, vyumba vinne na vitanda sita, na veranda yenye benchi refu la wagonjwa. Akina mama walimjia kwa miguu: Waganda wa mtaani, Wakenya wenzake, na tangu vita vya Kongo, wanawake wa Goma na Bukavu waliofurahi kupata mahali ambapo mtu anaweza kusema wapi panamuuma kwa Kiswahili akaeleweka. Sista alizalisha, Cleopas aliandika. Hivyo ndivyo walivyokwenda tangu mwaka 1996, na hawakuwahi kugombana kwa jambo lililopita siku mbili.

Sasa nikieleze kitabu, maana bila kitabu hakuna habari.

Kitabu cha wazazi kilikuwa kikubwa, chenye jalada gumu la bluu. Mama akijifungua mtoto wa kawaida, Cleopas alimwandika mbele kwa kalamu ya wino: jina la mama, mtoto wa ngapi, uzito, tarehe. Mtoto akizaliwa mdogo, chini ya kilo mbili, mambo yalibadilika. Aliyekuwa mdogo kupita kiasi au asiyepumua vizuri alipelekwa hospitali kubwa. Aliyebaki aliwekwa kwenye sanduku. Seremala wa Kyebando alilitengeneza kwa mbao laini, Sista akalitandika pamba, na kila baada ya saa mbili zilipangwa humo chupa za soda zilizojazwa maji moto na kuviringishwa vitambaa. Mtoto wa sanduku hakuandikwa mbele. Aliandikwa nyuma ya kitabu, kwa penseli, akasubiri.

Siku ya saba ikifika yuko hai, Cleopas alimhamishia mbele kwa wino na kuufuta mstari wa penseli. Ikiwa hakufika siku ya saba, mstari ulifutwa tu. Aliufuta vizuri, akapuliza takataka za kifutio, akateremka mstari mwingine, kwa sababu karatasi iliyochubuka haiandikiki tena. Kadi ya mama nayo ilichanwa.

Desturi hiyo aliianzisha Sista Akoth, na aliianzisha kwa huruma. Alipokuwa bado ameajiriwa, alimwona mama mmoja mjamzito akisimama kwenye foleni, na mwuguzi kijana akasoma kwa sauti mbele ya watu wote, "Wa kwanza alikufa, siyo?" Yule mama aligeuka akaondoka, hakurudi. Sista aliapa kwamba akipata kliniki yake, hakuna mwanamke atakayechomwa na kitabu. Cleopas aliposikia habari hiyo aliona ni utu mtupu. Alikuwa akifuta kwa heshima, kama mtu anayefunika maiti shuka.

Mwaka 2005 ikaja barua ya watu wa afya. Iliandikwa kwa kliniki zote ndogo za upande ule, ikiuliza mambo mawili: mnafuata mwongozo gani katika kutibu, na ni kipimo gani kinachoonyesha ubora wa kazi yenu.

"Kipimo gani tena?" Sista Akoth akasema, mikono bado ina sabuni. "Si waje waangalie kitabu? Kitabu yetu ni safi."

"Wanataka jina la kipimo, Sista. Na mwongozo ulioandikwa."

"Basi enda Wandegeya kwa hiyo intaneti, utafute jina moja ya maana tuwaandikie. Na uniangalizie mambo ya watoto wadogo, nisikie wenzetu wanafanya nini. Lakini usikae huko mpaka jioni, Nyongesa. Niko na wamama wanangoja."

Cleopas alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Alikwenda asubuhi iliyofuata amevaa koti, kama mtu anayeitwa ofisini. Ndani ya chumba cha intaneti kulikuwa na mashine nane, na msichana wa Kiganda aitwaye Zubaida, mwenye hijabu ya kijani, aliyewaelekeza wageni. Alimkalisha, akamwonyesha kisanduku kirefu cheupe katikati ya kioo.

"Andika tu hapa, ssebo," akasema, yaani bwana kwa Kiganda, "harafu bonyeza hii. Haiwezi kukuuma."

Cleopas akaandika. Aliandika kwa Kiingereza chake cha kidato cha pili, kwa adabu zote: Mheshimiwa, natumaini u mzima, mimi ni karani wa kliniki ya uzazi, naomba kujua mtoto mdogo anahifadhiwaje asipate baridi, wako mtiifu, C. Nyongesa. Kila herufi aliigonga kwa kidole kimoja mpaka meza ikatikisika. Akabonyeza. Mashine ikamletea habari za magodoro, na za mtu mmoja wa Marekani anayeitwa Nyongesa.

Zubaida alikuja akasoma, akajizuia kucheka kwa shida. "Ssebo, hii haisarimiwi. Haina jamaa. Wewe iandikie maneno tatu ama nne tu. Na upige polepole, hiyo siyo mrango."

Akafuta salamu zote, jambo lililomwuma kidogo, akabakisha maneno machache: mtoto, uzito mdogo, joto, mwongozo. Akabonyeza tena.

Hapo ndipo alipopigwa na butwaa. Kioo kilifungua mlango wa ghala. Sina neno jingine la kukiita kile alichokiona. Lilikuwa ghala la miongozo ya tiba, lililowekwa wazi kwa yeyote mwenye kidole, na juu yake pameandikwa idadi ya miongozo iliyomo kuhusu alichouliza: mia mbili na kumi na minne. Unachagua umri wa mgonjwa, unachagua ugonjwa, unachagua mwaka, na kila ukichagua, ghala linajipunguza lenyewe mpaka linabaki na kile chako. Akachagua watoto wachanga. Ikabaki arobaini na mmoja. Akachagua waliozaliwa na uzito mdogo. Ikabaki tisa. Akafungua wa kwanza.

Alidhani atakuta amri. Fanya hivi, usifanye vile, kama matangazo ya hospitali ukutani. Akakuta kwanza majina ya watu ishirini walioketi kuuandika, na nchi zao, na kila mmoja ametamka kama ana faida yoyote anayoipata katika jambo hilo. Akakuta wameeleza walitafuta wapi, walisoma tafiti ngapi, ngapi walizikataa na kwa nini. Kila shauri lilikuwa na herufi pembeni. A ilikuwa ya jambo lililojaribiwa kwa watoto wengi likathibitika. Herufi zikashuka hadi D, ambayo ilikuwa ya jambo ambalo wataalamu wanaliamini tu, hawana ushahidi mwingine zaidi ya miaka yao kazini. Na mahali pamoja, katikati ya ukurasa, palikuwa na sentensi inayosema kwamba kwa swali hili hatujui.

Cleopas aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Katika maisha yake alikuwa amewaona madaktari wengi, wa Bungoma na wa Kampala, na hajawahi kumwona hata mmoja akiandika kwamba hajui. Moyo ulimjaa. Alivua kofia akaiweka pajani, humo humo ndani. Watu ishirini, wengine wa upande wa pili wa dunia, walikuwa wamekaa miezi wakibishana juu ya mtoto wa kilo moja na nusu. Hawakumjua mtoto huyo. Hawakuijua Kyebando. Lakini walikuwa wamewaza mpaka habari ya kofia yake, kwamba avikwe, kwa sababu kichwa ndicho kinachopoteza joto.

Akasoma kuhusu joto. Akasoma polepole, kidole kikiwa juu ya kioo. Mtoto mdogo anayepumua mwenyewe asitengwe na mama. Aachwe na kofia na nepi tu, awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wima katikati ya matiti, afungwe kwa kitambaa, akae hapo usiku na mchana. Njia hiyo ilianzia Kolombia, ambako mashine za kutunzia watoto hazikutosha, na madaktari wakawarudishia akina mama kazi iliyokuwa yao. Pembeni palikuwa na A. Chini yake palitajwa chupa za maji moto: zinaunguza, halafu zinapoa bila mtu kujua. Cleopas akakumbuka sanduku, akaurudia mstari huo.

Kulikuwa na ghala la pili, la vipimo vya ubora. Zubaida alimwonyesha jinsi ya kuingia. Huko kila kipimo kilikuwa na jina, na chini ya jina mstari, na juu ya mstari hesabu moja, na chini ya mstari hesabu nyingine. Juu unaweka waliopata jema. Chini unaweka wote waliostahili kulipata. Halafu imeandikwa nani asihesabiwe, na ni lazima useme kwa nini umemwacha. Usahili wake ulimshangaza kuliko yote. Hospitali yenye maghorofa kumi na kliniki ya vitanda sita zingeweza kuulizwa swali moja, zikajibu kwa mistari miwili.

Akatoa karatasi mfukoni ajaribu. Watoto wadogo waliofika siku ya saba wakiwa hai: aliwakumbuka kwenye kurasa za mbele, kumi na wawili. Akaandika juu ya mstari kumi na wawili. Watoto wote wadogo waliotunzwa kliniki: akaandika chini ya mstari kumi na wawili. Kumi na wawili kwa kumi na wawili. Alitabasamu. Hiyo ndiyo hesabu ya kupeleka, alijiambia, hata hospitali za Ulaya hazina. Kisha akainua macho akasoma maelezo tena. Chini ya mstari waingie wote waliozaliwa na uzito huo, pamoja na waliofariki.

Tabasamu likamkauka usoni. Akakaa akiitazama ile kumi na mbili ya chini, kwa muda mrefu, mpaka Zubaida akamwuliza kama mashine imekwama.

Alirudi Kyebando saa saba mchana na karatasi sita zilizochapwa, amezikunja ndani ya koti. Akakuta kliniki imechafuka. Saa sita mchana mwanamke Mkongo aitwaye Benedicte alikuwa amejifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, kilo moja na gramu mia sita. Mtoto alikuwa akipumua na kulia kidogo. Maji yalikuwa yamechemka, chupa zimepangwa, sanduku liko tayari juu ya meza. Lakini Benedicte alikuwa amemficha mtoto ndani ya kitenge, amejikunja ukutani, hataki kumtoa. Dada yake Julienne alisimama kando ya kitanda ameshika tama.

"Hapana, mama sista," Benedicte alikuwa akisema. "Ule wa kwanza mulimutia mu sanduku. Siku ya ine akakufa. Huyu sitamutoa."

"Wa kwanza gani, dada?" Sista Akoth akamwuliza, kwa upole, maana kwa wazazi sauti yake ilijua kushuka. Kwa mwaka alipokea wanawake zaidi ya mia mbili, na uso huu haukumjia. Alifungua kitabu akafuata mistari ya mbele ya mwaka 2003 aliotajiwa, kwa mazoea, bila kukumbuka kwamba aliyekufa hakubaki humo. "Hapa hakuna jina yako. Labda ulizalia kwingine. Uchungu inachanganya mtu, si vibaya. Nyongesa, hebu angalia na wewe."

Cleopas akainama juu ya kitabu. Aliangalia kurasa za mbele, kwa sababu hizo ndizo alizoulizwa.

"Hayuko, Sista."

Benedicte akamgeukia. Hakupandisha sauti. "Papa, ni weye uliandika. Nilikutajia jina yake, ukaandika. Nilikuona."

Sista alimtazama yule mama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu mwenye homa. Akamwambia Julienne azungumze na dada yake, kisha akatoka verandani. Cleopas akamfuata na karatasi zake. Alimweleza yote kwa haraka: ghala, herufi, Kolombia, kifua cha mama, chupa zinazopoa. Sista alisikiliza huku akitazama ndani.

"Nyongesa, mimi nimezalisha watu kabla wewe hujavaa suruali ndefu. Hiyo sanduku imelea watoto. Ni wangapi wako kwa kitabu?"

"Kumi na wawili."

"Na waliokufa?"

Cleopas akazitazama karatasi zake.

"Si unaona? Najua kuna waliotuponyoka. Watano, sita hivi, kwa miaka hii yote, na hao ni Mungu aliwataka. Siwezi kuacha kitu inafanya kazi nifuate karatasi. Leta ushahidi, nitasikia. Lakini ushahidi ni kitabu, na kitabu inasema sanduku ni nzuri."

Ndani, mtoto alilia, kilio kidogo chembamba kilichokatika katikati. Miguu yake ilikuwa imeanza kupoa. Julienne alikuwa ametoka kusema hivyo. Ama angetiwa sandukuni sasa hivi, ama angefungwa kifuani kwa mama yake sasa hivi. Mwenye kuamua alikuwa Sista, na Sista alikuwa anaamua kwa kitabu. Cleopas alijipiga moyo konde.

"Sista, kitabu ni mimi nilikiandika. Na ni mimi nilikifuta."

Alikwenda akakichukua. Akakifungua nyuma, kwenye zile kurasa tupu, akatoka nacho ukingoni mwa veranda. Jua la saa saba Kampala hukaa karibu na utosi, kwa hiyo alikisimamisha kitabu wima, ukurasa ukitazama pembeni, ili mwanga uteremke juu ya karatasi kama maji juu ya bati.

Ukurasa mtupu ukajaa watu.

Mkono wake mzito ulikuwa umechimba. Kifutio kilichukua rangi ya penseli, lakini mifereji ilibaki, na sasa kila mfereji ulikuwa na kivuli chake chembamba. Herufi moja, ya pili, jina zima. Majina yalipanda kutoka kwenye weupe, mstari baada ya mstari, ukurasa mmoja na mwingine, na mbele ya kila jina uzito na tarehe, kwa mwandiko wake mwenyewe. Kwa miaka tisa alijua ameondoa, na kumbe hakuondoa hata mmoja. Alianza kusoma kwa sauti ya chini, na Sista Akoth akasogea, kwanza hatua moja, kisha akawa begani kwake.

"Mama Zubairi, gramu elfu moja mia nane. Huyu yuko mbele, alipona. Komakech Lucy, elfu moja mia tano. Huyu hayuko. Mama Okeny, elfu moja mia saba, hayuko."

"Huyo anauza mboga pale chini," Sista akasema. "Kila asubuhi ananisalimia."

Cleopas akaendelea. Kwenye ukurasa wa tatu alikisogeza kitabu kidogo upande wa jua. "Benedicte. Mtoto wa kiume, elfu moja mia saba. Machi 2003. Jina la mtoto, Josias."

Akamaliza mistari iliyobaki. Thelathini na mmoja waliandikwa nyuma, kumi na wawili walihamishiwa mbele.

"Kumi na tisa," Cleopas akasema.

Sista Akoth aliketi kwenye benchi la wagonjwa. Katika miaka yote hiyo Cleopas hakuwa amemwona akiketi hapo. "Nilidhani ni sita," akasema. "Wallahi, Nyongesa, nilidhani ni sita." Alikuwa Mkristo wa Kianglikana, lakini kiapo kilichomtoka ndicho hicho. Uso wake ulikuwa umeingia ndani kama wa mtu aliyefunga siku tatu. "Nilikuwa naficha mama zao wasiumie. Kumbe mimi ndiye sikutaka kuona."

Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi."

Alivaa miwani, akasoma amesimama. Hakuruka mstari. Mahali pawili aliuliza, "Hii A ni ya nini?" na "Hawa ni watoto wangapi walijaribiwa?" na Cleopas akamjibu kama mwanafunzi anayejibu mwalimu aliyemfundisha. Alipofika mwisho alikunja miwani, akaingia ndani, na sauti ile ya kuamsha mtaa ikarudi.

"Julienne, mwaga hayo maji. Toa sanduku hapa. Na nitafutie kofia, hata soksi ya mtoto itafaa kichwani."

Cleopas alibaki nje ya pazia, kama ilivyompasa mwanamume, lakini alisikia yote. Alimsikia Sista akimwambia Benedicte kwamba hatamchukua mtoto, kwamba afungue blauzi. Alisikia kitenge kikikazwa. Kwa muda mtoto alikuwa akipumua kwa kukatakata, pumzi tatu za haraka halafu kimya, halafu mbili. Cleopas alijikuta akihesabu. Polepole zile pumzi zikaanza kufuatana, na baadaye zikawa za mwendo mmoja, na ilionekana kwake kwamba mtoto alikuwa akimsikiliza mtu fulani humo ndani na kumfuatisha.

Baada ya saa moja Sista akapima joto. Akatoka na kipimajoto mkononi, akakiinua kwenye mwanga, akakisoma, akakisoma tena.

"Thelathini na sita na nusu," akasema. "Bila chupa hata moja."

Walisimama wote wawili wakikitazama kile kijiti cha kioo. Cleopas aliwaza wale watu ishirini, kwamba saa hiyo labda wako mezani kwao wanakula au wamelala, na hakuna hata mmoja atakayejua. Alitamani kuwaandikia barua yenye salamu zote. Machozi yalimlengalenga na hakuyaficha.

Ile barua ya vipimo walijibu wiki hiyo hiyo. Cleopas aliuliza aandike nini chini ya mstari, na Sista akamwambia, bila kumtazama, "Thelathini na moja. Na juu kumi na mbili. Andika hivyo." Watu wa afya walikuja, wakauliza maswali magumu, wakakaa kutwa nzima, na kliniki haikufungwa. Sista alimpitia yule mama wa mboga asubuhi moja, akakaa naye nyuma ya kibanda muda mrefu, walichozungumza hakukisema. Na kila Jumamosi Cleopas alivaa koti akaenda Wandegeya, na Zubaida alimwachia mashine ya pembeni ambayo meza yake ilikuwa imara.

Benedicte alikaa kliniki siku ishirini na nne, mtoto kifuani. Alipochoka, Julienne alimpokea akamfunga kifuani kwake. Siku ya kuondoka mtoto alikuwa na kilo mbili na gramu hamsini, na alikuwa amejifunza kupiga kelele za watoto wenye haki zao. Sista Akoth aliagiza kitabu kiletwe kitandani. Kadi mpya ilikuwa mapajani mwake na Cleopas amesimama kando, kalamu ya wino mkononi.

Kuna swali ambalo mkunga humwuliza kila mama, siku zote, kwa maneno yale yale. Sista aliliuliza taratibu, macho yake yakiwa machoni mwa Benedicte.

"Huyu ni mtoto wako wa ngapi?"

Benedicte alimtazama Sista, akamtazama na Cleopas, kama anayepima kama swali ni la kweli.

"Wa pili, mama sista."

"Wa pili," Sista Akoth akasema, na Cleopas akaandika.